Uchachu wa Maji Haukuanza Jana

Ndugu msomaji, haya ni mazungumzo niliyoyatoa redioni juma lililopita. Nimeyanyoosha hapa na pale kwa ajili ya macho badala ya masikio, lakini maneno ni yale yale.

Ufugaji wa samaki umeingia mjini kwa kishindo. Zamani uani palikaa kuku, mbuzi mmoja wa kamba na mpapai. Siku hizi ukichungulia juu ya ukuta huko Tabata, Goba, Mbagala au Kigamboni, huenda ukaona bwawa la saruji lenye ukubwa wa chumba cha kulala, limejaa perege au kambale. Si jambo baya hata kidogo. Familia inapata kitoweo, na sehemu inayobaki inauzwa kwa majirani. Lakini kila nikiigusa mada hii hewani, simu zinazofuata zinafanana kama mapacha. Samaki wameamkia kuelea matumbo juu. Muuza duka la mifugo amechovya kikaratasi, akasema pH imepanda, au pH imeshuka, akauza kichupa. Mama mmoja alishauriwa akamulie ndimu bwawani. Bwana mmoja alishauriwa amwage mfuko mzima wa chokaa ya kupakia nyumba, samaki wakiwa humo humo.

Hao ni watu walioingiza fedha za akiba, na wengine fedha za mkopo wa kikundi. Kwa hiyo leo sitaki kuanza na dawa. Nataka kuuliza swali ambalo dukani haliulizwi. Hiyo namba inayosomwa kwenye kikaratasi imetoka wapi, na watu walifugaje samaki kabla haijazaliwa?

Namba yenyewe haikuzaliwa bwawani. Ilizaliwa kwenye kiwanda cha bia. Mjini Copenhagen, nchini Denmark, tajiri wa bia J. C. Jacobsen alianzisha maabara mwaka 1875, akaweka sharti kwamba yatakayogunduliwa humo yenye faida kwa watu yasifichwe. Mwaka 1901 idara ya kemia ya maabara hiyo, Maabara ya Carlsberg, ilikabidhiwa kwa S. P. L. Sørensen. Kazi yake ilihusu vimeng'enya, yaani vile vitu ndani ya viumbe hai vinavyogeuza wanga kuwa sukari na kufanya mengine kama hayo, mambo ambayo mpika bia hawezi kuyakwepa. Vimeng'enya hivyo vina adabu ya ajabu: maji yakizidi uchachu kidogo tu, vinagoma. Sørensen akahitaji njia ya kutaja uchachu kwa usahihi. Akisaidiwa na mkewe Margrethe katika majaribio, mwaka 1909 alitangaza kipimo ambacho mpaka leo kinaitwa pH.

Kabla ya hapo wanakemia waliandika kiasi cha tindikali kwa tarakimu ndefu zenye sifuri nyingi baada ya nukta. Sørensen alichofanya, kwa lugha ya sokoni, ni kuhesabu hatua za nukta hiyo. Maji yasiyoegemea upande wowote yakapata 7. Yanayoelekea kwenye ndimu yanashuka chini ya 7, yanayoelekea kwenye magadi yanapanda juu yake. Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa kuwa kipimo kinahesabu hatua za nukta, kila namba moja ni mara kumi. Maji yenye pH 6 yana uchachu mara kumi ya maji yenye 7, na yenye pH 5 ni mara mia. Anayeona namba imetoka 7 hadi 5 akasema "zimepungua mbili tu" anafanana na mtu anayesoma bei ya shilingi 1,000 na shilingi 100,000 akasema tofauti ni sifuri mbili tu.

Kipimo cha rangi kilikuwapo kabla yake. Mwaka 1664 Robert Boyle, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, aliandika jinsi maji ya maua ya rangi ya urujuani yanavyogeuka mekundu yakikutana na tindikali, na ya kijani yakikutana na magadi. Huna haja ya kwenda Ulaya kuliona hilo. Chukua juisi ya rosela, ile nyekundu inayouzwa kwenye chupa, weka kidogo kwenye bilauri, kisha dondoshea maji ya magadi. Wekundu utakimbia mbele ya macho yako. Kikaratasi cha dukani ni binamu wa rosela hiyo. Mashine yenye mshale, na baadaye tarakimu, ilikuja mwaka 1934 huko California, pale Arnold Beckman alipomtengenezea rafiki yake wa kiwanda cha malimau chombo cha kupimia uchachu wa juisi. Basi bia ikatupa namba, malimau yakatupa mashine. Samaki hawakuwamo kwenye fikra za mtu yeyote kati ya hao.

Je, wafugaji wa kale walikuwa vipofu? La hasha.

Huko Bohemia, katika nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Czech, kuna wilaya ya Třeboň ambako watu wamechimba mabwawa ya samaki tangu zama za kati. Mwaka 1547 askofu wa Olomouc, Jan Dubravius, alichapisha kitabu kizima kuhusu mabwawa na samaki. Mwaka 1590 fundi Jakub Krčín alikamilisha bwawa la Rožmberk, ambalo hata leo lina eneo la zaidi ya eka 1,000. Humo hufugwa karpi, samaki mnene wa maji yaliyotulia. Lakini Třeboň ni nchi ya mchanga na udongo wa kinamasi, wa aina inayotoa maji ya rangi ya chai na yenye uchachu. Wakulima wa mabwawa walijua, bila pH, kwamba bwawa lililojaa miaka mingi mfululizo linachoka. Wakalikausha, wakaliacha lipigwe na jua na upepo, wengine wakalipanda nafaka, kisha wakalijaza tena. Karne ya 19 akaja msimamizi wa mabwawa hayo, Josef Šusta, aliyechunguza kwa makini karpi wanakula nini, akaandika kitabu mwaka 1888. Katika enzi yake mabwawa ya Třeboň yalianza kutunzwa kama mashamba: kuyatilia mbolea, kuwalisha samaki, na kumwaga chokaa sakafuni bwawa likiwa limekauka. Zingatia maneno hayo: sakafuni, bwawa likiwa limekauka. Hawakumwaga juu ya vichwa vya samaki.

Chokaa! Sisi wa pwani tuna udugu na kitu hicho kuliko tunavyokumbuka. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa iliyojengwa karne ya 14, nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, zote zimeshikwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe juu ya marundo ya magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa kwenye shimo ipoe makali yake. Mafundi wetu walijua chokaa changa inachoma ngozi na kupofusha macho, na walijua kuisubiri. Tanuu za chokaa tulikuwa nazo karne na karne, ila hatukuipeleka bwawani kwa sababu hatukuwa na bwawa. Mwenye bahari mlangoni hachimbi shimo la kufugia changu.

Sasa naomba tuhame kidogo, twende kaskazini kabisa, kwa kuwa kisa kinachofundisha zaidi kuhusu uchachu wa maji kilitokea Norwei.

Kusini mwa Norwei mito inashuka kwenye majabali ya matale, mawe magumu yasiyo na chokaa. Mto kama huo hauna akiba: ukiingiwa na tindikali, hakuna cha kuizima. Mito hiyo ilikuwa maarufu kwa samoni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mavuno yakaanza kushuka, na hakuna aliyejua sababu. Katika miaka ya 1920 watu wa vituo vya kuangulia vifaranga waliona kwamba mayai na vichanga vya samoni na trauti vinakufa maji yakiwa na uchachu, na wakafanya jambo la busara: wakapitisha maji juu ya mawe ya chokaa kabla hayajafika kwenye mayai. Vifaranga wakapona. Wakaandika, wakasomwa, wakashukuriwa. Lakini mtoni hali iliendelea kuharibika, maana mto mzima huwezi kuupitisha kwenye sanduku la mawe.

Chuoni nilikosomea stashahada ya uandishi wa habari tulipigiwa kelele juu ya maswali matano: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Wanorwei wa miaka ya 1920 walikuwa wamejibu vizuri "nini". Swali la "kutoka wapi" lilikaa bila jibu la uhakika kwa zaidi ya miaka thelathini. Na jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa Uingereza kabla ya babu zao! Mwaka 1852 mwanakemia Robert Angus Smith alionyesha kwamba mvua inayonyesha karibu na mji wa viwanda wa Manchester ina tindikali itokanayo na moshi wa makaa ya mawe, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 akaipa jina la mvua ya tindikali. Kitabu kikawekwa kabatini.

Mwaka 1959 Mnorwei Alf Dannevig aliunganisha kupotea kwa samaki na uchachu wa mvua. Mwaka 1967 Msweden Svante Odén aliandika katika gazeti, naam, gazeti la kawaida la kila siku la Stockholm, Dagens Nyheter, kwamba tindikali hiyo inasafiri na upepo kutoka nchi nyingine za Ulaya. Nakiri napenda sehemu hiyo ya kisa. Jambo zito la kisayansi lilimfikia mnunuzi wa gazeti ambaye asubuhi alikuwa akitafuta habari za mpira. Wanasiasa nao wakalazimika kulisoma. Mwaka 1972 Sweden ililipeleka suala hilo mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika mjini Stockholm.

Kisha ikaja ile masika ya mwaka 1975 katika mto Tovdal. Theluji ilipoyeyuka, uchachu uliokuwa umelala ndani yake tangu vuli ukateremka mtoni kwa mkupuo. Trauti wakafa kwa wingi, wakakutwa chini ya maji maangavu kama kioo. Wanasayansi Helge Leivestad na Ivar Muniz waliwapima damu samaki waliokuwa wakifa. Wengi wetu tungedhani wamekosa pumzi. Kumbe samaki walikuwa wakipoteza chumvi!

Nieleze kidogo, kwani hapa ndipo penye kiini cha mambo. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Chumvi hiyo daima inataka kuvuja itoke, na matamvua yake, yale mashavu mekundu anayopumulia, yanafanya kazi usiku na mchana kuivuta irudi. Maji yakiwa na uchachu mkubwa, mtambo huo unaharibika: chumvi inavuja kuliko inavyorudishwa, damu inapungua nguvu, moyo unashindwa. Tena, uchachu unapopita ardhini unayeyusha alumini iliyomo kwenye udongo na kuileta mtoni, nayo inagandamana juu ya matamvua. Kwa hiyo unaweza kuona maji safi, yanayong'aa, hayana harufu, na samaki anakufa humo. Anayepima bwawa kwa macho peke yake na akumbuke Tovdal.

Ugomvi wa kidiplomasia uliofuata ulikuwa mrefu, nami siwezi kuumaliza hapa. Mwaka 1979 nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilitia saini mjini Geneva mkataba kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka. Mwaka 1985 mjini Helsinki nchi kadhaa ziliahidi kupunguza salfa kwa asilimia 30, Uingereza ikakataa kujiunga. Mwaka uliofuata ikaanza kulegea na kukubali kuweka vichujio kwenye baadhi ya vituo vyake vya umeme. Na hivyo vichujio vilitumia nini? Mawe ya chokaa yaliyosagwa! Chokaa ile ile ambayo watu wa vifaranga waliiweka chini kwenye sanduku, sasa ilipandishwa kwenye bomba la moshi ilikokuwa inatoka tindikali. Tangu mwaka 1980 salfa inayotupwa angani Ulaya imepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Huku nyuma Sweden na Norwei hazikukaa kusubiri. Sweden ilianza mpango wa serikali wa kutia chokaa maziwa na mito katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na hatimaye maziwa kwa maelfu yakanyunyiziwa, mengine kwa helikopta. Norwei iliweka mashine kando ya mito zinazodondosha unga wa chokaa kwa vipimo kadiri maji yanavyojaa na kupungua. Mto Tovdal ulianza kutiwa mwaka 1996, mto Mandal mwaka 1997. Samoni walirudi Mandal. Lakini kazi haikuisha mvua ilipotakata, kwa sababu udongo ulikuwa umekwisha kunyonywa akiba yake ya chokaa kwa miongo mingi, na mawe ya matale hutoa chokaa mpya kwa mwendo wa konokono.

Akiba. Neno hilo ndilo ninalotaka lishike kichwani mwa mwenye bwawa la uani, maana ndilo kikaratasi cha pH hakilisemi. Maji mawili yanaweza kuwa na pH 7 yote mawili, moja likawa tajiri na jingine fukara. La kwanza lina chokaa iliyoyeyuka, na ukilitilia tindikali linaimeza. La pili halina kitu, na tone dogo linalitumbukiza shimoni. Wataalamu hupima akiba hiyo kwa miligramu katika lita, na huhesabu kwamba bwawa lenye chini ya 20 linahitaji chokaa. Nenda dukani ukadai kipimo hicho kabla ya kununua kichupa. Pengine watakushangaa.

Sasa rudini nami Afrika Mashariki, kwa sababu na sisi tuna majabali na udongo wetu fukara. Nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Rungwe, Njombe na Usambara, zina udongo mwekundu ambao mvua imeuosha chokaa kwa maelfu ya miaka. Kuna alama rahisi: panapostawi chai, ujue udongo una tindikali, kwani chai hupenda hivyo. Perege hapendi. Na ni mikoa ya Ruvuma, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro, yenye mvua na vijito, ambayo imekuwa na mabwawa mengi kuliko mingine.

Ufugaji wa samaki nchini ulianza kwa majaribio mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mwaka 1967 serikali ilifanya kampeni ya taifa, na kufikia 1968 mabwawa yapatayo 8,000 yalikuwa yamechimbwa. Mengi hayakutoa kitu cha maana. Mengine yalikuwa na mita 20 za mraba tu, mengine yalikauka, mengine yalikosa mtu wa kuyasimamia baada ya viongozi kuondoka na magari yao. Sisemi uchachu ndio uliyaua. Ninachosema ni kwamba mtu aliyechimba shimo kwenye udongo wa chai, akajaza maji ya kijito, akatia perege na samadi, alikuwa na adui wa ziada asiyemwona. Katika tope lenye tindikali hata mbolea inafungwa, haiyafikii maji, mimea midogo ya kijani haioti, na samaki anabaki na njaa ndani ya bwawa lililolishwa.

Jirani zetu wa Rwanda walilichunguza jambo hili kwa kina. Katika kituo cha Rwasave, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Butare na sasa Huye, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilishirikiana na watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Auburn, kupima mabwawa ya nyanda za juu: chokaa, mboji ya majani, samadi, na ukuaji wa sato katika baridi ya mlimani. Auburn si jina dogo katika habari hizi. Huko ndiko H. S. Swingle alikopanga viwango ambavyo hadi leo vinanakiliwa kila kona: kati ya pH 6.5 na 9 alfajiri samaki hustawi, karibu na 4 ni kifo upande wa uchachu, karibu na 11 ni kifo upande wa magadi. Huko pia Claude Boyd alitengeneza njia ya kukadiria chokaa inayohitajika kwa kupima tope la bwawa badala ya maji peke yake. Kazi ya Rwasave ilikatizwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 1997 mradi huo wa utafiti ulihamia Sagana, Kenya. Ninapolisoma jina la Rwasave siwezi kufikiria pH peke yake.

Tuteremke pwani basi, maana wengi wa wanaonipigia simu wapo Dar es Salaam, na hapa shida mara nyingi imegeuka kichwa chini. Visima vingi vya pwani vinapita kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana akiba ya kutosha. Kinachoua ni saruji mpya. Bwawa lililosakafiwa juzi linatoa ukali wa chokaa, na pH inaweza kuvuka 11. Mwenye bwawa anajaza Jumamosi, anatia vifaranga Jumapili, Jumatatu anazika. Dawa yake haiuzwi. Jaza maji, yaache siku kadhaa, yamwage, jaza tena, rudia kwa majuma kadhaa mpaka kipimo kitulie. Nimeona wengine wakiloweka vipande vya migomba na samadi katika maji ya mwanzo, nao hawakosei sana, kwani vinapooza hutoa hewa ya ukaa inayozima ukali huo.

Na ndimu? Katika maji yenye akiba, ndimu inameza namba kwa saa chache, kisha namba inarudi juu. Mama wa watu anaongeza ndimu nyingine. Anaendelea hivyo mpaka siku akiba inapokwisha, na siku hiyo namba inaporomoka kama gogo. Samaki aliyezoea 8 akajikuta kwenye 5 kwa usiku mmoja ana hali mbaya kuliko yule aliyekaa kwenye 8 siku zote.

Halafu liko jambo la saa. Mchana mimea ya kijani majini hula hewa ya ukaa, na pH inapanda. Usiku inaitoa, na pH inashuka. Bwawa la kijani kibichi linaweza kusoma 7 alfajiri na 9 saa tisa alasiri bila mtu kutia kitu. Muuza duka aliyepima mchana hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, inaongeza akiba, na bwawa lenye akiba halipandi sana mchana wala halishuki sana usiku. Chokaa ya kupakia nyumba imechomwa. Hiyo ni ya bwawa lililokauka, lisilo na kiumbe, na usubiri wiki moja au mbili kabla ya kutia vifaranga.

Upande wa juu una hatari nyingine inayotokana na mavi na mabaki ya chakula, nayo ni amonia. Katika maji ya joto yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Uchafu ni ule ule, chakula ni kile kile, lakini alasiri samaki wanakufa. Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kwa Wakenya yana perege wadogo wanaoishi katika magadi matupu. Wale wa Magadi, katika maji ya pH karibu 10, wamepata ufumbuzi wao: taka zao hawazitoi kama amonia, wanazitoa kama urea, kama wewe na mimi. Hao ndio pekee ninaowajua wasiohitaji ushauri wangu.

Bwana wa mfuko wa chokaa alinipigia tena baada ya kipindi. Nilimwambia alikaushe bwawa kwanza, kisha apime tope. Juma lijalo nitazungumzia wauza vifaranga wanaouza madume na majike kwa kukadiria, jambo ambalo limenijazia sanduku la barua.